Antena ya FM ya nje, Uyole: uzoefu wangu

Nimeitumia antena hii tangu mvua zilipoanza hadi kiangazi hiki, na kwa anayeishi huku Mbeya akisumbuliwa na mikwaruzo, ninaipendekeza kwa moyo wote. Ila asikimbilie ya gharama.

Adui yetu huku ni milima. Mawimbi ya FM, megahezi 87.5 hadi 108, husafiri kwa kunyooka. Yanayogonga mbavu za Loleza hurudi yamechelewa kidogo, yanaingia redioni pamoja na yaliyokuja moja kwa moja. Ndiyo maana stesheni inaweza kushika kwa nguvu kabisa na bado kila "s" ya mtangazaji inakwaruza masikio. Busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, haitibu hilo, kwa sababu inakuza mawimbi pamoja na uchafu wake.

Pale Mwanjelwa waliniletea antena ya king'amuzi, wakaniapia kwamba inashika na FM. Usikubali. Vijiti vyake ni vifupi kwa sababu vimekatwa kwa masafa ya TV, kuanzia megahezi 470 kwenda juu. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, na antena yake inatakiwa iwe karibu nusu ya hapo, kama mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha. Nenda na futi, pima hapo hapo dukani.

Niliyochukua ni bomba moja jembamba la aluminiamu lililokunjwa kama pini ya nywele, bila busta. Antena ya kukunjwa hivi ina omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), waya wa kawaida wa antena ni omu 75, kwa hiyo ndani ya kiboksi cha katikati lazima kuwe na transfoma ndogo ya kuzioanisha. Mwombe muuzaji akifungue uione.

Fundi aliifunga juu ya bomba la chuma, mbali na bati, kwani bati nalo huyarudisha mawimbi. Nilichompendea ni kwamba hakukaza bolti mapema. Mimi nilibaki sebuleni, dirisha wazi, redio ikiwa kwenye taarifa ya habari. Yeye juu anazungusha kidogo kidogo.

"Mama, vipi hapo?"

"Bado fundi, rudisha kidogo."

Sauti ilitakata pale ncha ya antena ilipoelekea Loleza. Antena ya aina hii karibu haisikii chochote kinachotokea upande wa ncha zake, kwa hiyo yale mawimbi ya kurudi yakaachwa nje. Alijaribu pia kuisimamisha wima, maana iko mitambo inayorusha hivyo. Kwetu mikwaruzo ikarudi.

Kasoro zipo. Bolti zilizokuja nayo zimeota kutu mapema mno, nunua nyingine za kuzuia kutu. Waya uachie mzingo kabla haujaingia ukutani ili maji ya mvua yadondoke nje. Na kama bado unasikia mvumo, zima taa za LED za bei chee kwanza kabla hujamlaumu fundi.

Radi za huku mnazijua. Bomba la chuma lichimbiwe waya wa ardhi, na uchomoe antena redioni wingu linapoanza kufunga, usingoje ngurumo.

Stesheni moja iliyokuwa ikishika kwa shida, iliyoko upande ule wa ncha, sasa haipatikani kabisa. Nimekubali kuikosa, kwa sababu zilizobaki zinasikika safi hadi jikoni.