Viwanja vya mahali patakatifu: msitu au bustani ya mifereji?

Kamati zinazofufua viwanja vya umma vinavyozunguka kaburi la walii au hekalu la kale huvutana mara kwa mara juu ya jambo moja: wapande msitu, au warudishe bustani ya kale iliyopangwa kwa mifereji ya maji?

Kwa upande wa msitu, mfano ninaouenzi ni hekalu la Meiji jijini Tokyo, lililozinduliwa mwaka 1920 na kuzungukwa na miti takriban 100,000 iliyotolewa na watu wa kila pembe ya Japani. Wapangaji walichagua aina zitakazojizalisha zenyewe, na hadi leo majani yanayofagiliwa njiani hurudishwa chini ya miti yaoze na kuwa mbolea. Matunzo hupungua kadiri miti inavyokomaa, ingawa subira inayotakiwa ni ya vizazi, na mizizi ikikaribia kuta za kale huweza kuzitia nyufa.

Bustani ya kaburi la mfalme Humayun mjini Delhi, India, jirani na dargah (kaburi linalozuriwa) ya walii Nizamuddin Auliya, ilifufuliwa kwa njia nyingine: kazi ilipokamilika mwaka 2003, maji yalikuwa yanatiririka tena katika mifereji ya mawe, na mashimo ya kurudisha maji ya mvua ardhini yalikuwa yamechimbwa. Hapa matokeo huonekana mapema, jengo hubaki wazi machoni na familia hupata pa kukaa. Hata hivyo mteremko wa mifereji ya namna hii ni mdogo mno, kiasi kwamba kosa dogo la fundi husimamisha maji, na nyasi hudai mtunzaji kila siku.

Penye eneo kubwa na mvua ya kutosha, ningeegemea msitu. Penye eneo finyu na ramani ya kale inayojulikana, bustani inastahili, mradi kamati iwe na mfuko wa kudumu wa kulipa mafundi.