Klasta ya pamoja au klasta ya kazi moja: uzoefu wangu na malipo ya maziwa

Kampuni yetu ndogo hapa Kampala hukokotoa malipo ya wafugaji wanaopeleka maziwa kwenye vituo vya kupozea kule Mbarara na Kiruhura. Kazi yenyewe tumeiandika kwa Apache Spark, programu ya kuchakata data nyingi kwa kompyuta kadhaa kwa pamoja. Huanza saa nane usiku, hujumlisha lita za kila mfugaji, huzilinganisha na miamala ya pesa za simu, na orodha lazima iwe tayari kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Mwanzoni tuliiendesha kwenye klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja) ya pamoja, ile wanayoitumia wachambuzi wetu kwa maswali yao ya kila siku. Niliiunga mkono mwenyewe: mashine zimeshawaka, kazi inaanza papo hapo. Kisha usiku mmoja mwenzangu, akihangaikia ripoti, akavuta jedwali zima kwa amri ya collect. Amri hiyo hurudisha safu zote kwenye draiva, yaani sehemu inayoongoza kazi zote za Spark, na kumbukumbu ya draiva ikajaa. Draiva ilipokufa, kazi yetu ikafa nayo bila kosa lake lolote. Saa moja asubuhi msimamizi wa kituo akanipigia: “Mwanangu, watu wamesimama hapa na madebe yao, niwaambie nini?” Sikuwa na jibu, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Tulijaribu kwanza kurekebisha upangaji. Kwa kawaida kazi zilizo ndani ya programu moja ya Spark hufuata foleni, aliyetangulia hupewa nafasi kwanza. Tukaweka mgao wa haki, kila kazi na fungu lake. Foleni ilipungua kweli. Lakini mgao huo hugawa nafasi za kuchakata tu. Draiva inabaki ileile, na kumbukumbu ileile. Tena kuna maktaba, vifurushi vya msimbo ulio tayari ambavyo kazi zote hutumia: mtu akipandisha toleo la mojawapo, tuseme pandas, kwa jaribio lake, kazi ya usiku inakutana na toleo ambalo haikuandikiwa.

Tangu tuhamie klasta ya kazi moja, inayowaka kazi ikianza na kuzimika ikiisha, sijapigiwa tena simu kama ile. Matoleo ya maktaba tumeyafunga ndani ya mipangilio ya kazi yenyewe. Kwa bei za mtoa huduma wetu, saa moja ya klasta ya namna hii ni nafuu kuliko ya pamoja, na mimi miezi yote ile niliamini kinyume chake.

Kero ni kusubiri mashine ziwake, dakika kadhaa kila mara. Usiku haidhuru. Ila kwa vijikazi vinavyorudi kila dakika 10 ni hasara tupu, kwa hiyo hivyo tumevipa klasta yao ndogo isiyozimwa, na wachambuzi hawaingii humo.

Ile ya pamoja bado ipo na bado naipenda kwa kudadisi data: unauliza, unajibiwa, unauliza tena. Jioni, ikikaa saa nzima bila swali, hujizima. Saa nane ikifika, huwaka ya maziwa peke yake.