Kibanda cha Kifahari cha Kahawa, Westlands: Useremala Safi, Umeme Haukupangwa

Karakana hii ya Eneo la Viwanda huunda vibanda vya maonyesho, huvisimamisha ukumbini na kuvifungua shughuli ikiisha. Tunachopima hapa ni kibanda cha mita 6 kwa 3, kilichojengewa muuzaji wa kahawa ya gredi ya AA (buni kubwa) kutoka Nyeri.

Useremala unastahili sifa. Viungo vya kaunta havionekani. Upande wa mteja una kimo cha sentimita 110 na wa barista, yaani mwandaaji kahawa, 90, kwa hiyo jagi za maziwa, vitambaa na vikombe vichafu vimejificha bila ukuta wa ziada. Taa ni LED za 3000K, zenye mwanga wa joto wa kimanjano, na chini yake buni zilizokaangwa zinaonekana hudhurungi iliyokolea. Taa nyeupe ya kibaridi hufanya kahawa nzuri ionekane imeungua.

Kasoro zinaanzia chini ya kaunta. Mashine ya espreso ya vichwa viwili inakula kama wati 4,000. Soketi ya ampea 13, kwa volti 240 zetu, haivuki wati 3,120. Mafundi waliichomeka hapo hapo kupitia ekstensheni, pamoja na mashine mbili za kusagia, na umeme ukawa unakatika kila foleni inaporefuka. Mashine kama hii hupewa laini yake kutoka kwenye bodi ya umeme: breka ya ampea 32 na waya wa milimita 6 za mraba. Wenye ukumbi waombwe laini hiyo kabla ramani ya kibanda haijachorwa, kwa sababu ndiyo inayoamua kaunta ikae wapi.

Maji yanavutwa kwa pampu ndogo kutoka mtungi wa lita 20, mpango mzuri. Lakini maji machafu yanaingia kwenye ndoo ya lita 10! Ilifurika, na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ikavimba kingoni. Ndoo isiwe ndogo kuliko mtungi, na sehemu ya chini ya kaunta iwe plaiwudi ya marine, inayostahimili maji, iliyozibwa kwa silikoni.

Lililotuudhi zaidi ni harufu. Vanishi ya thina ilipakwa usiku wa kuamkia ufunguzi. Anayelipia kahawa ya Nyeri analipia harufu yake kwanza, na pua iliyojaa thina haiwezi kuinusa. Ipakwe vanishi ya maji, karakanani, siku kadhaa kabla ya kusafirisha.

Kuna jambo jingine ambalo wabunifu wengi hawalijui. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Birika la umeme likitegwa nyuzi 96 halifiki kamwe. Linaendelea kufoka mvuke. Hapa lilikaa chini ya rafu yenye herufi za dhahabu za kubandika, na kufikia mchana zilikuwa zimeanza kubanduka. Litegwe 92, na hapo juu pasiwe na rafu.

Kwa vibanda vya manukato au vito tungewapendekeza mafundi hawa bila kusita. Kwa kahawa, waajiriwe kwa sharti lililoandikwa kwenye mkataba: kibanda kisimamishwe kwanza karakanani, mashine, visagio na birika viwashwe pamoja kwa saa nzima, maji yakipita, barista akiwa kazini. Malipo ya mwisho yasubiri jaribio hilo.