Uzoefu wangu na risasi za mashindano za 4.5 mm: kichwa cha 4.49, 4.50 au 4.51?

Nimezipiga kwa bunduki ya hewa ya mita 10. Ni risasi za kichwa bapa, uzito wa 0.53 g, mkebe una 500. Ubora wake naukubali kwa moyo wote, ila usinunue kwa kuangalia namba ya kichwa iliyoandikwa kwenye mkebe peke yake. Kipimo cha kichwa, yaani kipenyo chake kwa mm, kinakupa pa kuanzia tu. Mwenye neno la mwisho ni mtutu wako.

Kupima kwa kushika bunduki mkononi ni kazi bure, kwa sababu unaishia kujipima mwenyewe. Nimebana bunduki kwenye jiliwa lenye mpira au ngozi kwenye meno yake, na jiliwa lenyewe limefungwa kwa bolti kwenye meza nzito. Meza ikicheza hata kidogo, matundu yatajipanga mstari, nawe utailaumu risasi isiyo na kosa. Kila ukibadilisha aina, piga kama 20 za kuzoesha mtutu kabla ya kuhesabu. Mtutu uliotoka kusafishwa huhitaji zaidi.

Piga mafungu ya risasi 10, si 5. Fungu la 5 hudanganya sana: risasi mbovu isipotokea humo, unaridhika na bechi mbaya, yaani risasi zilizotengenezwa pamoja kwa mkupuo mmoja. Mimi napiga mafungu matano ya kila bechi ndipo natoa uamuzi. Kwa kipimo, tumia kalipa: chukua upana wa fungu kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, utoe upana wa tundu moja lililo peke yake kwenye karatasi ileile. Usitoe 4.5 moja kwa moja, maana karatasi hurudi kidogo baada ya kutobolewa.

Kwenye mtutu wangu 4.49 ilitawanyika, 4.51 ikawa ya wastani, na bechi moja ya 4.50 ikabaki chini ya 2 mm fungu baada ya fungu. Bechi nyingine ya 4.50 hiyohiyo ilikaribia 3 mm! Namba ya kichwa ni ileile, mkebe wa aina ileile, ila bechi imebadilika. Kwenye shabaha hiyo si tofauti ndogo. Kila 0.25 mm unayosogea kutoka katikati inakula sehemu moja ya kumi ya pointi: 10.9 inaishia 0.25 mm, na ukifika 2.5 mm umebaki na 10.0.

Kupanga kwa uzito? Mizani ya 0.01 g haitakusaidia, kwa kuwa tofauti unayoitafuta ni ndogo kuliko hatua yake. Inatakiwa ya 0.001 g, iliyowashwa mapema, mbali na feni na dirisha. Hata hivyo faida niliyoipata ni ndogo ukilinganisha na kuchagua bechi. Muda huo afadhali uutumie kukagua sketi, yaani ule upande wa nyuma ulio wazi. Hiyo ndiyo inayopanuka kwa msukumo wa hewa na kuziba mtutu. Ikiwa imebonyea, hewa huvuja upande mmoja na risasi hutoka ikiyumba. Mkebe uliotikiswa safarini huwa na zilizobonyea kadhaa. Zitenge za kupashia mtutu, na zilizobaki usizimimine mkononi kwa wingi, chukua mojamoja.

Vumbi la madini ya risasi ni sumu, kwa hiyo usile wala kushika uso hadi unawe mikono kwa sabuni.

Ukishapata bechi inayokubaliana na mtutu wako, nakili namba ya bechi iliyobandikwa chini ya mkebe na ununue mikebe ya namba hiyohiyo ya kutosha msimu mzima siku hiyohiyo. Bechi ikiisha dukani, upimaji unaanza upya.