Vyumba viwili vya Mustafa Sa'eed: riwaya ya Tayeb Salih

Ndugu zangu, karibuni tena. Leo salamu ni fupi. Kitabu hiki nimekimaliza usiku wa kuamkia leo kwa mara ya pili, na bado kimenikaa kooni. Tazameni kilivyo chembamba. Sasa tazameni vikaratasi nilivyobandika ubavuni. Kimefura!

Hii ni *Mawsim al-Hijra ila al-Shamal*, ya Tayeb Salih wa Sudan, iliyotoka 1966. Hebu lisikilize jina lenyewe: mawsim ni msimu, hijra ni hijra ileile, na shamal ni kaskazini. Msimu wa kuhamia kaskazini. Sisi wa Kiswahili tumeshalielewa nusu kabla ya kufunua jalada. Ninayosoma ni tafsiri ya Kiingereza ya Denys Johnson-Davies. Sifa zake nyingine nazipita, mmezisikia kila mahali. Mimi nimekuja na jambo moja tu: vyumba.

Ila kwanza, kama hutaki kujua mwisho, simamisha video hapa. Nenda kasome, kisha urudi.

Haya. Kijana msomi, ndiye msimulizi, ambaye jina lake hatupewi, anarudi kijijini kwao kwenye kingo za Nile baada ya miaka saba ya masomo Ulaya. Anakuta mgeni, Mustafa Sa'eed, mtu mpole, mkulima, ana mke na watoto wawili. Usiku mmoja kwenye kinywaji, mkulima huyu anaanza kukariri shairi la Kiingereza, kwa lafudhi safi. Kijana anaruka kwenye kiti. Mkulima gani huyu?

Mustafa alizaliwa Khartoum tarehe 16 Agosti 1898. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo, jeshi la Kitchener, jenerali wa Uingereza, liliwafyeka Wasudani kule Karari, karibu na Omdurman. Mwandishi hakubahatisha hapo. Mtoto amezaliwa na utawala wa Mwingereza umeingia, wote ndani ya mwezi mmoja. Akapelekwa shule, akawa na akili kali kama kisu, akafika London, akawa mhadhiri wa uchumi.

Sasa njooni chumba cha kwanza, cha London. Mustafa amekipamba kwa ubani, udi, msandali, manyoya ya mbuni, mazulia, vioo. Afrika na Mashariki yote kama Mzungu anavyoziota, ndani ya kuta nne. Anawaleta wanawake humo na kuwasimulia majangwa na misitu ambayo mengine hata hayajui. Yeye mwenyewe anakiri kwamba ni uongo. Wanawake wanampenda mtu ambaye hayupo, naye anaendelea kumcheza mtu huyo.

Hapa kuna jambo limeniudhi wiki nzima. Chaneli moja, sitaitaja, imetoa muhtasari wa dakika tano ikisema Mustafa "aliua wanawake wanne". Hapana! Ann Hammond, Sheila Greenwood na Isabella Seymour walijiua. Aliyemuua kwa mkono wake ni Jean Morris, mkewe, kwa kisu, na mahakama ikampa miaka saba. Ukiwachanganya wote wanne umeiua riwaya, kwa sababu swali lake kubwa ni hilohilo: wale watatu, damu yao iko kwa nani? Mahakamani wakili anamtetea kwa kusema hawa ni wahanga wa mgongano wa tamaduni. Na Mustafa amekaa pale kimya, moyoni anataka kupiga kelele kwamba yeye ni uongo mtupu. Hata utetezi unamfanya mfano wa kitu, haumwoni mtu.

Tena angalieni: miaka saba jela, na msimulizi miaka saba Ulaya. Iwekeni akilini hiyo.

Kabla ya chumba cha pili, habari za chaneli. Mfululizo huu wa wahusika walioraruka una vipindi vitatu vilivyobaki, na kuanzia mwezi ujao tutasoma pamoja mubashara. Kuhusu bei, wengi mnalalamika kitabu chembamba kinauzwa ghali. Nawaelewa. Tafuteni nakala iliyotumika, maneno ni yaleyale.

Chumba cha pili! Hiki ndicho kimeninyima usingizi. Mustafa amepotea wakati wa mafuriko ya mto, na amemwachia msimulizi barua na ufunguo. Chumba kiko uani kwake kijijini: paa la pembetatu, madirisha ya kijani, mlango wa chuma. Msimulizi anaingia gizani. Anaona uso unamtazama kwa chuki. Anaujua, anadhani ni Mustafa amefufuka, anausogelea... ni kioo. Ni sura yake mwenyewe!

Anawasha taa. Mbele yake kuna meko ya Kiingereza, katika nchi ya jua kali namna ile! Viti vya Kizungu. Vitabu kutoka sakafuni hadi darini, na hakuna hata kimoja cha Kiarabu. Hata Kurani iliyomo ni ya Kiingereza. Mnaona? Akiwa London alijenga Afrika ya kubuni. Aliporudi Afrika akajenga Uingereza, akaifungia kwa ufunguo. Na humo mna daftari limeandikwa kwamba ni hadithi ya maisha yake. Lina tabaruku, ukifunua ndani kurasa ni tupu.

Niliposoma mara ya kwanza nilikuwa upande wake. Nilimwona analipiza kisasi cha Karari. Safari hii nimemhurumia, lakini hasira zangu zimehamia kwa msimulizi. Hosna, mjane wa Mustafa, alimwambia waziwazi: wakinilazimisha kuolewa nitamuua huyo mume na kujiua. Mlezi wake ni nani? Msimulizi huyohuyo. Akafanya nini? Akarudi kazini Khartoum. Wakamwoza mzee Wad Rayyes, na Hosna akatimiza neno lake, yote mawili. Wanaume wa kijiji wakamlaumu Hosna. Msimulizi alikuwa anampenda, akanyamaza. Nikirudi kwenye kioo kile sasa naelewa kwa nini mwandishi alimfanya ajitazame kwa chuki.

Ukurasa wa mwisho nausoma hivi, nimesimama. Msimulizi ametoka chumbani, akaingia mtoni akiwa uchi. Yuko katikati, hawezi kwenda kaskazini, hawezi kurudi kusini, maji yanamvuta chini. Hapo, kwa mara ya kwanza maishani, anachagua. Anataka kuishi, kwa sababu wapo watu wachache anaotaka kukaa nao na wajibu anaotaka kuutimiza. Na mtu huyu aliyenyamaza kitabu kizima anafungua kinywa na kupiga yowe la kuomba msaada.

Kitabu kinaishia kwenye yowe hilo. Mimi naamini kuna mtu ukingoni alimsikia.