Fenway Park, Boston: nyota 4, ila kaa upande wa besi ya tatu

Nianze na kiti maana hapo ndo watu wengi wanapotea. Ukienda Fenway kuwaangalia Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, chukua tiketi ya upande wa besi ya tatu, usidanganywe na mtu. Benchi la Red Sox liko upande wa besi ya kwanza, sasa wageni wanakimbilia huko eti wawe karibu na timu, halafu wanakaa juu ya paa la benchi mechi nzima bila kuona hata kofia ya meneja (kwenye besiboli ndo kocha mkuu). Ukikaa ng'ambo unamwona vizuri kabisa, kaegemea reli, anatafuna mbegu za alizeti, ananong'onezana na kocha wa warushaji wamefunika midomo, na ukitupa macho kushoto kule mbali, nyuma ya ukuta mfupi, unaiona bulpeni, pale warushaji wa akiba wanapopasha misuli. Ukiona mtu kaanza kurusha kule na meneja hatulii benchini, ujue kuna mtu anakaribia kutolewa. Hiyo TV haikuonyeshi, TV inafuata mpira.

Na mimi hela yangu inaenda kumwangalia meneja. Najua wengi mnafuata homurani (mpira uliopigwa ukapita juu ya ukuta) na soseji, hakuna ubaya, lakini nimekuwa na hii timu tangu 2003 na kitu kimoja nimekishika: meneja wa besiboli kazi yake kubwa ni kuamua huyu mrushaji atoke sasa ama abaki. Basi. Mambo ya nani apige wa kwanza nani wa tisa siku hizi yanapangwa na vijana wa ofisini wenye kompyuta. Lakini pale uwanjani iningi ya saba (mechi ya kawaida ni iningi tisa), jasho linamtoka kijana, besi mbili zina watu, pale ni mzee mmoja na macho yake. Kwa wale wa soka tu: mchezaji akitoka harudi tena, na msimu ni mechi 162, karibu kila siku, kwa hiyo mrushaji ukimmaliza leo kesho huna. Halafu meneja akimwendea mrushaji yuleyule mara ya pili ndani ya iningi moja, sheria inasema lazima amtoe. Ndo maana zile safari za kutembea hadi kwenye kile kichuguu anachosimama mrushaji zina uzito.

Mwaka nilioanza kufuata ndo mwaka wa Grady Little, meneja wetu wa wakati huo. Wazee wa Boston mpaka leo ukitaja hilo jina wanashika kichwa. Oktoba 2003, mechi ya saba, ya kuamua nani aende fainali, na Yankees kwao New York, tunaongoza 5-2 iningi ya nane, Pedro Martínez anarusha, na Pedro wa enzi hizo alikuwa hatari lakini kila mtu anaona amechoka. Little akatoka, akatembea mpaka kwa Pedro, wakaongea, akageuka akarudi benchini peke yake. Alimwacha! Pedro akafika mipira 123, Yankees wakasawazisha 5-5, na kwenye iningi ya 11 Aaron Boone akampiga Tim Wakefield homurani, kwisha habari. Little hakuongezewa mkataba. Mimi sikuwa hata naelewa sheria zote lakini nilielewa kile: alimuuliza mchezaji badala ya kumwangalia. Mchezaji mwenye moyo ukimuuliza kama amechoka atakwambia nini?

Sasa geuza upande wa pili, Kevin Cash wa Tampa Bay, fainali ya 2020, mechi ya sita. Mrushaji wake Blake Snell anawaua Dodgers wa Los Angeles, mipira 73 tu, wapigaji 9 amewatoa kwa straiki (straiki tatu, mpigaji nje), wamempata mara mbili basi, anaongoza 1-0. Cash akaja akamtoa, kwa sababu makaratasi yanasema wapigaji wakimwona mrushaji mara ya tatu wanamzoea. Sawa, makaratasi. Lakini anayefuata kupiga ni Mookie Betts, ambaye Snell alikuwa keshamtoa kwa straiki mara mbili usiku huohuo! Kamera ikamwonyesha Betts, ungedhani kafunguliwa jela. Akapiga mpira wa besi mbili, Dodgers wakageuza matokeo, wakabeba kombe. Little alichelewa kwa sababu ya moyo, Cash aliwahi kwa sababu ya hesabu, na wote wawili hawakumtazama mtu aliye mbele yao. Ukinibana nichague wa kumsamehe nitamchagua Little, maana yeye angalau alikosea akiwa anamwamini mchezaji wake.

Meneja bora niliyewahi kumwona hapa ni Terry Francona, na sitaki ubishi. Miaka minane, 2004 hadi 2011, makombe mawili, na la 2004 ndo lile lililokata kiu ya miaka 86. Kila mtu anaikumbuka mechi ya nne na Yankees, tuko nyuma 3-0 kwenye mfululizo, iningi ya tisa tunadaiwa bao moja, anarusha Mariano Rivera ambaye alikuwa hafungiki. Kevin Millar akapewa besi ya bure, Francona akamtoa akamwingiza Dave Roberts akimbie badala yake. Uwanja mzima unajua ataiba besi, yaani atachomoka kwenda besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, Rivera anajua, akarusha mpira besi ya kwanza mara tatu kumbana, na Roberts akaiba hivyohivyo, kwa upana wa kidole. Bill Mueller akamfikisha nyumbani, David Ortiz akaimaliza kwa homurani iningi ya 12. Roberts alikaa Boston nusu msimu tu jameni, na bado hapa hatalala njaa maisha yake yote.

Francona aliondoka vibaya, Septemba 2011 timu ilianguka, ushindi 7, vipigo 20 mwezi mzima, zikaja hadithi za warushaji kunywa bia na kula kuku wa kukaanga ndani wakati wenzao wanacheza. Watu wakasema amelegea. Mimi nasema angalieni 2012 alipokuja Bobby Valentine eti ndo mkali, mshika nidhamu: ushindi 69, vipigo 93, akafukuzwa baada ya mwaka mmoja. Yeye Francona akaenda Cleveland, na 2016 akawafikisha mechi ya saba ya fainali kwa kumtumia mrushaji wa akiba Andrew Miller iningi ya tano, ya sita, pale palipokuwa na moto, bila kumsubirisha mwisho kama wenzake. Alishindwa, lakini kile kilikuwa kichwa.

Alex Cora, meneja wetu wa 2018, ni habari ngumu. Mwaka ule timu ilishinda mechi 108 na kwenye fainali aliwatumia warushaji wake wakubwa kama vibarua, leo unaanza, kesho unaingia katikati, Nathan Eovaldi aliingia kwenye mechi ya tatu iliyofika iningi 18 akarusha mipira 97 akitokea akiba, tukapoteza na bado wenzake walimpokea kama shujaa, na mpira wa mwisho wa kombe aliurusha Chris Sale ambaye ni wa kuanza. Kufanya watu wenye majina wakubali hivyo si mchezo. Lakini ni huyohuyo aliyekuwa Houston 2017 kwenye ule wizi wa ishara za wapinzani kwa kamera na kugonga pipa la taka kumtonya mpigaji, akafungiwa 2020 nzima, halafu Boston wakamrudisha. Kama meneja wa mechi nampa alama za juu. Kama mtu wa kumwonyesha mwanangu, hapo nanyamaza.

Na Dave Roberts yuleyule mwizi wa besi sasa ndo meneja wa Dodgers. Huyu nilimcheka miaka mingi. Fainali 2018 dhidi yetu alimtoa Rich Hill anaongoza 4-0 kapigwa mara moja tu, tukawafunga 9-6, asante sana. 2019 akamwingiza mrushaji wake nyota Clayton Kershaw akitokea akiba, Rendon wa Washington homurani, Soto mwenzake homurani, mpira baada ya mpira. Lakini ana makombe matatu, 2020, 2024 na 2025, na lile la 2025 dhidi ya Toronto alimrudisha mrushaji Yamamoto kwenye mechi ya saba siku moja baada ya kurusha mipira 96. Karatasi gani ingemwambia afanye vile? Aliangalia mtu akayaamini macho yake. Amekua yule.

Nirudi uwanjani kabla sijaambiwa hii siyo tathmini. Fenway ulifunguliwa 1912, unachukua chini kidogo ya watu 38,000, na uzee wake unausikia magotini. Viti vya mbao vya bluu pale kwenye jukwaa la chini ya paa ni vya 1934, na waliotengenezewa walikuwa wembamba, mtu mwenye mwili kama wangu anakaa kiubavuubavu. Kuna nguzo za chuma zinazoshika paa na tiketi nyingine zinakuweka nyuma ya nguzo, huandikwa kwamba kuna kizuizi, soma kabla hujalipa. Kuna jamaa yangu alinunua mkono wa pili kwenye tovuti fulani ambayo haikumwambia chochote, akaangalia mechi nzima amepinda shingo.

Ule ukuta wa kijani wa kushoto, futi 37, ukiuona kwa macho unashtuka uko karibu kiasi gani. Mpira ambao kwingine ungekuwa homurani hapa unagonga ukuta na kurudi, na ambao kwingine ungedakwa hapa unapita juu. Ubao wa matokeo ulio chini yake bado unabadilishwa kwa mkono, kuna watu wamo ndani ya ukuta wanaingiza namba, unaweza kuona jicho kwenye tundu. Kulia kule juu, sekta 42, kuna kiti kimoja chekundu kati ya vya kijani, ndipo ulipotua mpira wa Ted Williams 1946, futi 502, ukamtoboa shabiki kofia. Nenda ukasimame pale uangalie ilipo besi ya nyumbani, utasema hawa watu waongo.

Wachezaji? Ortiz ndiye wangu wa kudumu, Minnesota walimwacha aende bure mwishoni mwa 2002, akaja kutupa makombe matatu na kwenye fainali ya 2013 alikuwa anapiga wastani wa .688, yaani karibu mara 7 katika kila 10, hizo ni namba za mchezo wa watoto. Pedro ndiye fundi. Lakini kidonda changu ni Mookie Betts, yuleyule. Mchezaji bora wa ligi 2018, umemlea mwenyewe, anapiga, anadaka, anakimbia, halafu Februari 2020 unamuuza Los Angeles kwa sababu hutaki kumlipa, na wewe ni Boston, si timu ya kijijini! Huko wakampa dola milioni 365 na yeye akawapa makombe matatu. Tukaambiwa tumepata funzo, Rafael Devers akapewa mkataba wa miaka kumi, halafu 2025 akaambiwa aachie nafasi yake ya besi ya tatu awe mpigaji tu, akanuna, baadaye wakataka ahamie besi ya kwanza, akagoma, na Juni 15, siku ileile tuliyomaliza kuwafagia Yankees hapa nyumbani, akauzwa San Francisco. Devers alikosa adabu kidogo, sikatai. Ila mtu ukimgeuza mara mbili ndani ya miezi michache wewe ofisi ndo wa kwanza kuulizwa.

Siku ya kwenda, kwa Wakenya wa huku hasa nyie wa Lowell, ni ile Jumatatu ya tatu ya Aprili, siku ya Boston Marathon. Red Sox wanaanza saa tano na dakika kumi asubuhi, mapema kuliko siku zote, na mbio zinapita mtaa wa Kenmore hapo jirani zikiwa zimebaki maili moja. Tatizo ni kwamba wanaume wa mbele wanapita mechi ikiwa bado changa, kwa hiyo lazima uchague, na mimi nachagua watu wetu kwanza. Tangu Mkenya Ibrahim Hussein aanze kushinda 1988 hiyo barabara ni yetu, nasimama Kenmore nimevaa jezi ya Ortiz napiga kelele kwa Kiswahili, halafu naingia uwanjani iningi ya pili au ya tatu. Meneja huwa hajaanza kusumbuka bado, hujakosa kitu.

Usafiri usipeleke gari, egesho la karibu na uwanja ni wizi wa mchana. Panda treni mpaka North Station halafu Green Line ushuke Kenmore, fuata watu. Mkoba mkubwa hauingii. Na ukifika kula kabla hujapita geti, zile soseji za mitaani zenye pilipili hoho na kitunguu cha kukaanga pale mtaa wa Lansdowne ni tamu kuliko chochote cha ndani. Hotidogi ya ndani nimewapa maksi za wastani, mkate mzuri, nyama haina la kusema. Bia imepita dola kumi zamani, mimi nakunywa moja, naishika mpaka inapata joto.

Nyota ya tano nimewanyima kwa ajili ya viti na foleni ya choo ya iningi ya tano. Tiketi nafuu ni za Aprili na mwanzo wa Mei katikati ya wiki, ila chini ya lile paa jua halifiki, beba koti zito na shuka la Kimasai, na mkimwona meneja anatoka msiniite kununua chochote.