Matembezi ya kuongozwa hadi Ziwa Ngosi: maelezo mazuri, mpangilio mbovu

Nimepanda kwenda Ziwa Ngosi, lililo katika kreta ya volkano mkoani Mbeya, mara mbili bila mwongozaji, na mara zote nilirudi na picha za maji tu. Safari hii nililipia matembezi yaliyotangazwa kuwa ya kujifunza jinsi msitu unavyojijenga upya, na kwa upande huo fedha yangu haikupotea.

Mwongozaji hakuanzia msituni. Alitusimamisha karibu na Isongole, mahali barabara ilipochonga kilima, ambapo chini ya udongo mweusi wa shamba la viazi unaonekana mkanda wa vijiwe vyenye vitundu kama andazi. Alidondosha kimoja kwenye dimbwi, kikaelea. Mlima Rungwe, alieleza, ulirusha vijiwe vya namna hiyo katika mlipuko mkubwa wa takriban miaka 4,000 iliyopita, na penye mawe matupu kama hayo uhai huanza na kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja juu ya mawe) na nyasi chache, ambazo kuoza kwake ndiko kunakotengeneza udongo wa kubeba miti.

Msituni alituonyesha hali tofauti: mti mkubwa uliokuwa umeanguka, na katika mwanga ulioachwa, miche iliyobanana hadi magotini ikigombea nafasi. Hapo msitu hauanzi upya kabisa, kwa kuwa una mtaji wa udongo, mbegu na visiki vinavyochipua. Lakini mita chache kutoka hapo, palipowahi kufyekwa, kangaga zilikuwa zimesongamana kiasi kwamba chini yake hapakuwa na mche hata mmoja.

Ndiyo maana sikukubaliana naye aliposema kwamba kila eneo, likiachwa, hurudi kwenye msitu uleule. Mtaalamu wa mimea Mmarekani, Frederic Clements, aliandika hivyo mwaka 1916, naye mtaalamu mwenzake Henry Gleason akampinga mwaka 1926 kwa hoja kwamba kila aina ya mmea hufuata bahati yake. Nilipomkumbusha zile kangaga, alicheka na kusema swali hilo hajawahi kuulizwa.

Huduma nyingine zilikuwa dhaifu. Tuliondoka tukiwa tumechelewa saa mbili, chakula kilikuwa viazi vilivyokwisha kupoa, na ada ya kuingia hifadhini, ambayo nilidhani imo kwenye malipo, ilidaiwa tukiwa tayari njiani. Ukungu uliofunika ziwa siwalaumu. Anayetaka kwenda achague miezi ya kiangazi, avae viatu vinavyoshika utelezi, na aandikiwe mapema kila anachotakiwa kulipa.